Bibi yangu na karafuu isiyopita mzanini: nilichoambiwa Sur bado kinanitetemesha

Wakuu, nawasalimu kila mmoja kwa heshima yake.

Mimi ni msomaji wa pembeni wa jukwaa hili. Napita, nasoma, naondoka. Leo nimejikaza kuandika kwa sababu jambo hili limenikaa kifuani, na nyumbani hakuna anayetaka kuliongelea tena.

Sikulisikia kwa mtu, nilikuwepo. Majina nimeyabadilisha, mengine nimeyaacha yalivyo. Asiyeamini simlaumu, maana na mimi kuna asubuhi naamka siamini.

Naandika kutoka Ibra, Oman, mkoa wa Sharqiyah. Upande wa mama ni watu wa Pemba, upande wa baba ni watu wa Tabora. Mkiona Kiswahili changu kimechanganyika mkivumilie, kimelelewa na wazazi wasiokubaliana hata mchuzi uungwe vipi.

Pia mjue kwamba mimi ni mtu wa mawazo mengi. Siku ya kupewa cheti cha digrii nililisoma jina langu mara nne kabla sijapiga picha, nikiogopa wamenipa cha mwingine. Hii itawasaidia kuelewa kwa nini nilifanya nilichofanya.

Haya. Uzi wenyewe.

Bibi yangu mzaa mama, nimwite Bi Zuwena, alizaliwa Pemba. Baada ya mapinduzi, asubuhi moja babu alichukuliwa nyumbani akiwa na kikoi na fulana. Waliomchukua walisema ni maswali tu, atarudi kula chakula cha mchana. Hakurudi. Hakuna barua, hakuna maiti, hakuna kaburi.

Bibi akaondoka na mama yangu mgongoni, akapitia Mombasa, na milango ya Oman ilipofunguliwa miaka ya sabini akaja kuishi Ibra.

Toka siku hiyo nyumbani kwetu haikuingia karafuu ya serikali ya kule.

Kwa vijana wasiojua: enzi hizo karafuu yote ya visiwani ilikuwa lazima uiuze kwa serikali, ipite kwenye mzani wao, kwa bei yao. Ukiitoa nje mwenyewe ni magendo, na magendo yangeweza kukugharimu roho. Kwa hiyo Bibi alipiga hesabu yake. Alisema, "Kila karafuu ninayonunua ni senti kwenye mfuko wa aliyenichukulia mume wangu. Miye simtilii."

Na hakumtilia. Zaidi ya miaka thelathini.

Pale sokoni Ibra kuna Mhindi muuza viungo ambaye nadhani alimwota Bibi usingizini. Bibi akifika anaangalia gunia, ananusa, anauliza ya wapi.

"Madagaska, mama. Wallahi Madagaska!"

"Mwaka jana uliniapia Komoro, leo Madagaska. Gunia ni hili hili. Limehama kisiwa peke yake?"

Kwenye harusi za watu alikuwa akiuliza karafuu ya pilau imetoka wapi kabla hajatia mkono kwenye sinia. Mama alikuwa anajificha nyuma ya mtandio kwa aibu. Sisi wajukuu tulikuwa tunacheka mpaka tunatolewa nje.

Lakini kulikuwa na karafuu moja iliyoruhusiwa.

Kila mwaka ulikuja mfuko mdogo kutoka kwa mdogo wake, Bi Asha, aliyebaki Pemba. Ulikuja kwa mkono wa msafiri. Bibi aliuweka kwenye mkebe wa maziwa ya unga, mkebe ndani ya sanduku, ufunguo kiunoni. Karafuu hizo hazikupikiwa pilau hata siku moja. Zilikuwa za kahawa ya Idi na za singo, ule mchanganyiko wa kumsugulia bibi harusi. Mama yangu alisuguliwa nazo. Mama zangu wadogo wa ukoo, binamu zangu, wote.

Bibi aliziita karafuu isiyopita mzanini. Zilitoka kwenye mikarafuu ya dada yake moja kwa moja, serikali haikuzigusa. Alikuwa anasema hata harufu yake ni tofauti, harufu ya kitu kisichodhulumiwa.

Shikeni hapo, tutarudi.

Miaka michache iliyopita, mwanzoni mwa elfu mbili, nikamaliza chuo, nikapata kazi Nizwa kwenye kampuni ndogo ya utalii. Bosi wangu, Bwana Nasser, ni mtu wa Nizwa, mcheshi, Kiswahili hajui hata salamu. Kazi yetu ilikuwa kuwatembeza Wazungu ngomeni, na Ijumaa asubuhi kwenye soko la mbuzi.

Ijumaa moja nilikuwa na bibi mmoja wa Kizungu, mwalimu mstaafu. Mbuzi wanazungushwa, watu wanapiga kelele za bei, yeye ananiambia amezunguka dunia nzima na mumewe isipokuwa Burma. Nikamuuliza kwa nini. Akasema kule wanajeshi waliwalazimisha watu kujenga barabara ambazo watalii wanapita, na yeye hataki picha zake nzuri ziwe zimechimbwa na mtu asiye na ruhusa ya kukataa.

Nilisimama pale kati ya mbuzi nikamuona Bibi yangu ndani ya kofia ya jua.

Nilivyomsimulia Bibi alifurahi mno. "Kumbe Wazungu nao wanasusa! Mlete anywe kahawa."

Basi. Miezi michache baadaye Bwana Nasser akaniita ofisini. Anataka kuanzisha safari za Waomani kwenda Zanzibar na Pemba. Familia, maharusi wapya, wazee wenye hamu. Akanitazama kama mtu aliyeokota dhahabu.

"Lugha unayo, digrii unayo, hata sura unayo ya kule. Hii kazi ni yako."

Wakuu, sikulala vizuri wiki nzima. Ni kweli mambo yalikuwa yamelegea. Karafuu si roho ya mtu tena, vyama vipo vingi, hoteli zimejaa pwani. Lakini kila uchaguzi ukipita bado tulikuwa tunasikia kwenye simu za jamaa kuwa fulani kapigwa, fulani kakimbilia Mombasa. Na mimi naandika brosha: bahari ya zumaridi, upepo wa viungo.

Nikampigia wakala wa kule kumuuliza ile hoteli ya kwenye picha ni ya nani, na ile ardhi ilikuwa ya nani kabla yake. Akacheka.

"Kaka, unauza kitanda au unauza historia?"

Nikakata simu. Swali lake bado ninalo.

Nikamaliza brosha. Mshahara wa mwezi huo nikamnunulia Bibi shela nzuri ya sufi laini, rangi ya zambarau, anayoipenda. Nikaenda nayo Ibra Jumatano jioni, mwanzo wa wikiendi ya huku, Alhamisi na Ijumaa.

Hapa nieleze kitu. Bibi, kama mabibi wote wa Kiswahili, huniita mume wangu. Nikimuudhi nageuka "kijana". Ndiyo kipimo cha hali ya hewa kwetu.

Aliipapasa shela, akaikunja, akairudisha kwenye mfuko wake.

"Kijana, nguo hii imetoka kwenye kazi gani?"

"Kazi yangu, Bibi. Nizwa."

"Kazi ya kuwapeleka watu wakawalipe walionifanya mjane. Hata sijui mjane au mke, maana maiti sikuonyeshwa." Akanisogezea mfuko kwa kidole kimoja. "Harusi ya Salma ikipita, uchague. Kwao au kwangu."

Salma ni dada yangu. Harusi yake ilikuwa wiki tatu mbele.

Nikarudi Nizwa na shela. Nilifika Izki nikasimamisha gari kwenye duka nikanunua maji, nikakaa nusu saa nikijadiliana na chupa. Nikiacha kazi, vijana wenzangu wangapi wamekaa na vyeti vyao nyumbani? Nisipoacha, nitakula vipi mbele ya Bibi? Na yule mwalimu wa Kizungu, je, yeye alikuwa na bibi wa kumwogopa au alijichagulia tu?

Sasa sikilizeni.

Mwaka huo mfuko wa karafuu uliletwa na mtoto wa Bi Asha mwenyewe, Mjomba Hamadi, mtu mzima wa miaka arobaini na kitu. Ilikuwa mara yake ya kwanza kufika Oman. Alifikia Sur, mji wa pwani, kwa jamaa wa mkewe, ng'ambo ya hori ya bahari, upande wa Aija. Tukamsubiri Ibra siku tatu, siku tano, wiki. Haji. Akipigiwa simu, mara tumbo, mara gari hana, mara kesho inshallah.

Bibi alikasirika. "Mtoto wa Asha kakanyaga nchi hii na hakuja kunipa mkono? Nenda kamlete. Na mfuko uje, singo ya Salma inasagwa Alhamisi."

Nikaenda Alhamisi hiyo hiyo alfajiri, nirudi alasiri. Shela ilikuwa bado kwenye kiti cha nyuma.

Nilimkuta Mjomba Hamadi barazani, mwembamba, mpole, macho ya upande wa mama kabisa.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Bi mkubwa hajambo? Bado mkali?"

"Mkali kuliko pilipili."

Akacheka. Tukaletewa halwa na kahawa. Nikamwambia nimetumwa nimchukue yeye na mfuko. Akasema mfuko uko tayari, yeye hatakwenda.

Hapo nikafanya kosa langu. Nilitaka mtu wa kunihurumia, nikamfungulia yote: kazi, brosha, shela, kwao au kwangu. Na nikajikuta najisifia Bibi. Nikamwambia mjomba, yule mwanamke peke yake amesimama miaka thelathini bila kutia doa mkononi. Hata Wazungu wanamstahi. Ni mimi tu ninayemwaibisha.

Mjomba aliweka kikombe chini.

"Bila doa," akasema.

Akainuka, akaenda ndani, akarudi na mfuko. Akaufungua kamba, akatoa karatasi iliyokunjwa mara mbili, akanipa. Ilikuwa stakabadhi. Ya kununulia karafuu, kule, kihalali kabisa, na muhuri wa buluu.

"Hizi zimepita mzanini," akasema. "Kila mwaka zimepita. Mama huitoa karatasi kabla ya kuufunga mfuko. Mwaka huu nimebeba mimi, na nimechoka."

Wakuu, nilihisi baridi. Sur, kiangazi, na mimi nina baridi.

Nikamuuliza tangu lini. Akaniambia mambo ambayo nitayafupisha.

Bibi alipofika Oman alimwandikia Bi Asha: nitumie karafuu ya shambani kwetu, isiyopita mzanini. Bi Asha akasema dada yangu kapoteza mume, kapoteza nyumba, karafuu mfuko mmoja ni kitu gani? Mtoto wake mkubwa, Seif, kaka yake Hamadi, akakubali kuzibeba. Alizitia ndani ya mto wa usufi, akashona, akavuka na mtumbwi mpaka upande wa Kenya, akampa mtu wa kuja Oman.

Mwaka wa kwanza zikafika. Wa pili zikafika.

Mwaka wa tatu alikamatwa na ule mto wa kulalia.

"Mto mmoja," Mjomba Hamadi alisema, akanionyesha ukubwa wake kwa mikono, kama mtu anayeonyesha mtoto mchanga. "Hawakutaka kusikia ni zawadi."

Seif aliingia jela akiwa na miaka ishirini na miwili. Akaugua mle ndani. Siku moja waliitwa wakamchukue, akiwa maiti.

Bi Asha akawakusanya wanawe akawaambia mambo mawili. La kwanza, hakuna mtoto wake atakayebeba tena. La pili, dada yake asijue kamwe. Ana majonzi ya kumtosha.

Miaka miwili hakutuma kitu. Aliandika kuwa msimu mbaya. Baadaye, mambo yalipopungua ukali, akaanza kununua mfuko kihalali, kwa stakabadhi na kibali, akautuma na msafiri. Na kila barua ya Bibi iliuliza, Seif hajambo? Na kila jibu lilisema Seif yuko bara, anatafuta maisha.

Mimi nimekua nikisikia habari za huyo Seif wa bara. Bibi alikuwa akimlaumu kwamba hana shukrani, hata kadi ya Idi hatumi.

"Sasa unajua kwa nini siji Ibra," Mjomba akasema. "Ataniuliza, macho kwa macho. Miye si mama. Siwezi." Kisha akaninyooshea kidole. "Nimekwambia kwa hasira, umenichokoza na bila doa yako. Sasa ni amana. Utajua weye pa kuiweka."

Nikaondoka na mfuko na stakabadhi.

Njia ya Sur kwenda Ibra ni kama saa mbili. Karafuu kwenye gari lililofungwa vioo, wakuu, mnajua ilivyo. Kwenye macho, kwenye koo. Karibu na Al Kamil nikasimama kando ya barabara, nikafungua milango yote minne, joto likaingia kama pumzi ya tanuri, nikasimama juani kichwa wazi kama mwendawazimu. Lori likapunguza mwendo, dereva akaniuliza kama nimeharibikiwa. Nikamwambia hapana, gari zima.

Nilikuwa nawaza hivi. Bibi hakumuua Seif. Waliomfunga kwa sababu ya mto ndio waliomuua, na hilo sitalirudisha nyuma hata nikibishiwa na jukwaa zima. Lakini Bibi alisusa ili mkono wake usichafuke, na usafi ule ulibebwa na kijana wa miaka ishirini na miwili aliyeshindwa kumkatalia mama yake. Na alipokufa, Bibi akawa anawanunulia walewale, kwa mkono wa dada yake, na kuzisifu karafuu zao kwamba hazikudhulumiwa.

Na mimi niliyekuwa nikijilaumu kwa brosha!

Nikajipanga. Nikaamua Bibi akiuliza nitasema, "Seif hajambo, anakusalimu." Maneno matatu. Nikayarudia mpaka Bidiya, mpaka Ibra, mpaka mlangoni.

Nilifika alasiri. Uani wanawake wamekaa kwenye mkeka, mama, mama zangu wadogo, binamu. Kinu kimeoshwa. Salma ndani, haruhusiwi kutoka. Maua ya mkilua yaliyoletwa kwa ndege, yamesinyaa kidogo, liwa ya msandali, marashi, vyote tayari. Kimebaki kitu kimoja.

Bibi akaupokea mfuko kwa mikono miwili. Hakuuliza kwanza kwa nini Hamadi hakuja. Akafungua, akatoa karafuu moja, akaibana kwa meno ya mbele, akafumba macho.

"Hii ndiyo karafuu," akasema. "Haikupita mzanini hii."

Mama zangu wadogo wakapiga vigelegele.

Kisha likaja swali la kila mwaka. "Na Seif? Hamadi kakwambia nini? Au ndio kashaoa Mnyamwezi huko bara, kasahau watu?"

Wakacheka wote, wakimtazama mama, maana mume wake ndiye wa Tabora. Na mama akacheka.

Maneno yangu matatu hayakutoka.

Nikasema, "Bibi, hizi zilipita mzanini."

Naapa nilidhani nachagua ukweli ulio mdogo. Nilidhani atakasirika, atampigia Bi Asha simu, watanuniana mwezi mmoja, na Seif atabaki bara salama salimini. Nikampa stakabadhi.

Bibi husoma Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, za Kizungu hazijui. Lakini muhuri aliujua. Akapitisha kidole juu yake.

"Ya mwaka huu."

"Ya kila mwaka, Bibi."

"Tangu lini?"

Nikatazama kinu. Vicheko vilikuwa vimeshakatika.

Bibi akaiweka karatasi gotini, akaanza kuinyoosha kwa kiganja, polepole, kama mtu anayepiga pasi.

"Kuna miaka miwili Asha hakuleta," akasema. "Alisema msimu mbaya. Nilimwandikia, nakumbuka, nilimwandikia kwa hasira. Nikamwambia, kwani mikarafuu yote imekauka? Hata Seif hawezi kunichumia konzi moja?"

Kiganja kikasimama.

"Seif ndiye alikuwa akibeba."

Hakuwa anauliza. Alikuwa ananitazama usoni, na uso wangu, wakuu, haujawahi kuficha kitu.

Mama akasema, "Mama, nini?"

"Kaburi lipo?" Bibi akaniuliza.

"Lipo, Bibi."

"Alhamdulillah," akasema.

Nataka mlielewe hilo. Mwanamke ambaye hakuonyeshwa kaburi la mumewe, kitu cha kwanza alichouliza ni hicho. Mimi ndiyo hapo nilipolia, mbele ya wanawake wote, mwanamume mzima mwenye digrii.

Yeye hakulia. Alimsogezea mama mfuko.

"Twangeni."

"Mama, tuziache. Tutanunua nyingine sokoni."

"Mtoto anaolewa. Twangeni, zimeshalipiwa."

Wakatwanga. Sijapata kusikia kinu kikitwangwa bila wimbo kabla ya siku ile. Salma alitoka mrembo, wageni walisema harufu yake imefika mpaka barabarani. Bibi alikaa pembeni na tasbihi, akila pilau bila kuuliza karafuu ya wapi. Hilo lilinitisha kuliko kama angepiga kelele.

Jumamosi, baada ya harusi, nilikuwa najiandaa kurudi Nizwa. Nilikuwa nimeshaandika barua ya kuacha kazi, iko mfukoni. Bibi akaniita.

"Ile safari ya Bwana wako ina nafasi?"

Nilidhani sikusikia vizuri.

"Nakuuliza, nafasi ipo au mmeshajaza?"

"Ipo, Bibi. Hakuna hata mmoja aliyejiandikisha bado."

"Niandike miye."

Fomu za viza zilikuwa kwenye begi langu. Tukakaa uani, mimi naandika, yeye anajibu. Mahali pa kuzaliwa: Pemba. Uraia: Oman. Aina ya viza: mtalii. Kalamu ilinigomea hapo. Mtu anaomba ruhusa ya kutalii alikokatiwa kitovu, na ada ya ruhusa hiyo inakwenda kwa nani? Nikamwangalia. Alijua ninachowaza, ananijua.

"Nitawalipa," akasema. "Asha amewalipa miaka yote kwa ajili yangu. Andika."

Tukafika kwenye sababu ya safari. Kulikuwa na visanduku: mapumziko, biashara, kutembelea jamaa.

"Bibi, nitie alama wapi?"

"Kuhani ipo? Kumpa mtu pole ya msiba?"

"Haipo."

"Basi iandike kwa mkono."

Nikaandika pembeni ya visanduku, kwa kalamu ya buluu: kuhani.

"Na uandike nimechelewa, mume wangu."

Mume wangu. Toka siku ya shela hakuwa ameniita hivyo.

Nilimpeleka uwanja wa ndege mwenyewe. Alikuwa amejitanda shela ya zambarau. Hakusema chochote kuhusu shela, nami sikuuliza. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilijua pa kunyamaza.

Barua ya kuacha kazi sijaipeleka wala sijaichana. Brosha nimeiandika upya. Bahari ya zumaridi nimeiacha, kwa sababu ni kweli, lakini nyumba za kulala sasa nazitafuta za watu ninaoweza kuwapigia simu kwa majina yao. Bwana Nasser anasema nauza kidogo. Sijui kama hiyo inanisafisha. Nadhani hapana.

Funzo langu, kama ni funzo: kususa ni haki ya mtu, na kuna serikali zinazostahili kususiwa mpaka mwisho. Lakini kabla hujasifu mkono wako kwamba ni safi, uliza ni nani anayekubebea mzigo ili ubaki safi. Muulize yeye kama aliridhia. Na ukienda, uliza vilevile. Mimi niliandika brosha nzima sijamuuliza mwenye ardhi hata mmoja.

Sasa nawaachia uwanja. Waliokataa kurudi kule wanieleze. Waliorudi wanieleze. Walio visiwani, ninyi hasa: mnataka tuje au tukae na pesa zetu? Na wote mniambie, ilinipasa kusema yale maneno matatu nikanyamaza?

Mkitaka kutukana nitukaneni mimi, Bibi mwacheni. Yuko Pemba mpaka leo. Alikwenda kwa wiki mbili, na tiketi yake ya kurudi nimeshaisogeza mbele mara tatu.